Vumbi la Msumeno na Kiti cha Bwana Leseni

Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Hapo ndipo kila kitu kiliharibika. Saa naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimeinua kichwa kutazama saa ya ukutani, nikaona kioo tu, mishale haionekani. Vumbi limekifunika. Nikakipangusa kwa kidole, nikasoma, nikarudi kazini.

Siku hiyo ilianza kama siku zote. Binti yangu ni fundi cherehani. Alikuwa sebuleni anashona. Mwanawe wa kike, mjukuu wangu wa miaka saba, alikuwa likizo. Huyu tunamwita Bosi, kwa sababu hukagua kazi ya kila mtu. Mabosi nimewaona wengi. Huyu ndiye pekee ninayempenda.

Mimi ni seremala. Karakana yangu imeshikana na nyumba. Ukitoka karakana unaingia jikoni, na mlango wa katikati haukuwahi kufungwa. Hapo katikati ya karakana pana msumeno wa meza. Mota iko chini, na meno ya msumeno yanachungulia juu ya meza. Unasukuma ubao, msumeno unapasua, unga wa mbao unaruka.

Unga ukinizidi usoni nilikuwa na dawa yangu. Niliweka feni kubwa nyuma ya mgongo. Nikiiwasha, vumbi linakwenda mbele, mbali na mimi. Nilijiona mjanja kweli.

Bosi akaja na kikombe cha chai. Kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Kwetu kila kikombe hufunikwa. Marehemu mke wangu ndiye aliyetuzoesha.

"Babu, nimekuja kukagua."

"Kagua, Bosi. Ila simama kule, nisije nikakukata mshahara."

"Mshahara gani? Wewe umewahi kunilipa?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kikakataa kukoma. Kikombe kikaanguka. Mtoto akashika meza, mabega yamepanda, mbavu zinaingia ndani. Kifua kinalia kama filimbi iliyopasuka.

"Mama yake!" nikapiga kelele. "Njoo! Njoo upesi!"

Tulimbeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi akamvalisha kifaa puani na mdomoni, mtoto akavuta dawa ya mvuke. Taratibu rangi ya midomo yake ikarudi.

Daktari alikuwa kijana. Akauliza, "Nyumbani kuna moshi? Kuna vumbi?"

Binti yangu alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama pale na unga wa mbao kwenye nyusi.

"Kifua chake hakivumilii vumbi," daktari akasema. "Dawa hii ataendelea kuivuta. Lakini kumpa dawa na kumwachia vumbi ni kukinga maji ya paa linalovuja kwa kijiko."

Katika miaka yote niliyoingia mahali pale, huyo ndiye wa kwanza kuuliza swali hilo. Mke wangu alikohoa mbele ya madaktari waliomtangulia kijana huyu mara ngapi? Walimpa dawa ya kikohozi na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Alirudi na kurudi, mpaka siku moja, mwishoni mwa mwaka jana, ambayo hakurudi. Sisemi vumbi ndilo lililomuua. Sijui. Hakuna aliyepima, na hakuna aliyeuliza.

Nje ya zahanati binti yangu akasimama.

"Baba, sirudi pale na mtoto."

"Ni nyumba yenu ile, mwanangu."

"Ni nyumba ya vumbi. Mama alilifagia miaka kumi na tisa. Alivyokuwa anakohoa, mimi nilimsikia kupitia ukuta. Huyu sitamsikia hivyo."

"Sasa unataka niache kazi? Mtakula nini?"

"Sijasema uache kazi. Ondoa vumbi. Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Karakana ikiwa bado vile, tunahama moja kwa moja."

Wakaenda kukaa kwa fundi mwenzake. Mimi nikarudi peke yangu. Nyumba ya seremala, viti vimejaa, wa kuvikalia hayupo.

*

Siku ya pili nilifagia karakana yote. Nilifagia kwa hasira, na ufagio mkavu. Vumbi likapanda kama limeitwa. Nilikuwa nakohoa mlangoni pale alipopita jirani yetu, Mama Mashine. Tunamwita hivyo kwa sababu ana mashine ya kusaga nafaka mtaa wa nyuma. Yeye na mke wangu walikuwa kama dada wa tumbo moja, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na ulimi wake kwangu hauna breki.

"Shemeji, unafagia au unapika vumbi?"

"Niache. Nimekimbiwa."

"Nimesikia. Hata mimi ningekukimbia."

Nikamweleza yote. Nikawalaumu madaktari wa zahanati, nikailaumu ofisi ya leseni inayonikagua kila mwaka, nikawalaumu waliouza msumeno. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza? Haya. Una tochi?"

Nilikuwa nayo. Akaniambia nifunge madirisha na mlango, nikate ubao mmoja tu, nizime. Nikafanya. Vumbi likatulia.

"Unaona vumbi hewani?" akauliza.

"Hakuna. Limeshuka."

Akawasha tochi, akaiweka upande wa pili ili mwanga upite mbele ya macho yangu. Ndani ya mwanga ule hewa ilikuwa imejaa. Chembe ndogo sana zilikuwa zinaelea, zinapanda, zinazunguka.

"Lile lililoanguka chini halina kesi," Mama Mashine akasema. "Ni zito. Ukilivuta linanasa puani, unapiga chafya, limetoka. Kesi iko kwa hili usiloliona. Linashuka mpaka chini kabisa ya kifua. Na linakaa hewani muda mrefu baada ya wewe kuzima na kwenda kula."

"Lakini mimi nina feni."

"Iwashe."

Nikaiwasha. Akafungua mlango wa jikoni. Chembe zote zikapanga safari moja. Zikatoka mbele yangu, zikapita mlangoni, zikaenda juu ya vikombe, na ng'ambo ya vikombe ni chumba anacholala Bosi.

Mjanja mimi! Miaka yote nilikuwa natuma vumbi kwa familia yangu kwa feni.

Nilikaa juu ya gogo. Mama Mashine akaacha utani.

"Hukujua, shemeji. Mimi nilivuta vumbi la unga miaka minne kabla fundi mmoja hajanifungua macho. Twende mashineni."

*

Nimeipita mashine yake mara elfu. Sijawahi kuitazama. Siku hiyo aliniambia niitazame kwa macho ya fundi.

Pale nafaka inaposagwa pana feni yenye nguvu. Haipulizi, inavuta. Unga unavutwa kwenye bomba pana mpaka kwenye pipa la bati lenye umbo la pia wanayochezea watoto, juu pana, chini pembamba.

"Hewa inaingia ubavuni," akasema, "inazunguka mle ndani kama maji kwenye tundu la beseni. Kilicho kizito kinagonga ukuta, kinaanguka chini kwenye gunia. Hewa inatokea juu, inapita kwenye ule mfuko mrefu wa kitambaa. Mfuko unakamata vumbi laini. Hewa inatoka, vumbi linabaki."

"Kwa hiyo wewe humfukuzi mwizi kwa fimbo. Unamkamata mlangoni."

"Sasa unazungumza! Vumbi likamatwe pale linapozaliwa. Likishasambaa, hata ukeshe na ufagio, umechelewa."

Alikuwa na feni ya mashine ya zamani na pia yake, zimekaa tu stoo. Akanipa. Mimi nikaahidi kumtengenezea mlango mpya wa stoo hiyo hiyo.

Nikaanza kazi. Kwanza nilichomoa waya wa umeme wa msumeno. Nina vidole tisa na nusu, na ile nusu inanikumbusha kila siku kwamba msumeno hauna urafiki.

Chini ya meza nilijenga sanduku la mbao, likafunika sehemu ya msumeno inayozunguka. Mota niliiacha nje ya sanduku, isije ikapata joto kupita kiasi. Ndani niliweka ubao wa mteremko, ili unga uteleze wenyewe mpaka kwenye tundu. Kwenye tundu nikafunga bomba la inchi nne. Nilikuwa na mpira mwembamba wa kumwagilia bustani, nikataka kuutumia. Mama Mashine akanikatalia kabisa.

"Feni hii inataka njia pana. Na njia iwe fupi, isikunjwe kunjwe. Kila kona kali inakula nguvu, na unga unaganda hapo hapo."

Bomba likatoka ukutani mpaka nje, kwenye kibanda kidogo cha bati nyuma ya karakana, mbali na dirisha la mtu yeyote. Humo nikaweka feni, ile pia ya bati, na pipa la kupokea unga. Mfuko wa kitambaa aliushona binti yangu. Hakuja mwenyewe. Aliutuma kwa Mama Mashine. Kitambaa kizito, mshono mara mbili. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi, na maandishi makubwa ya Bosi: BABU UMEFIKA WAPI?

Siku hiyo nilifanya kazi bila kunywa maji.

*

Ijumaa ya wiki ya pili nilikuwa tayari. Nikawasha feni. Nikawasha msumeno. Nikasukuma ubao.

Unga ukajaa juu ya meza kama zamani. Ndani ya bomba hakuna kitu. Nikaupiga ubao kofi. Nikakagua feni, nzima. Bomba, zima. Sanduku, ndilo usiseme. Mimi najulikana kwa viungo vyangu. Nikiunga mbao mbili, hata unywele haupiti. Nilikagua kila kona ya sanduku lile na sikuona kosa hata moja.

Mama Mashine akaja, akainama, akapapasa kingo kwa kiganja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, umetengeneza jeneza!"

"Nini tena?"

"Hakuna hewa inayoingia humu. Pale juu meno yanapotokea umeacha upenyo wa kupitisha wembe. Kwingine umeziba kote. Feni itavuta nini?"

Akachukua chupa tupu ya plastiki mezani. "Weka mdomoni. Bana midomo, hewa isipite pembeni. Vuta."

Nikavuta. Chupa ikajikunja kidogo, kisha hakuna kitu. Ulimi ukanaswa.

"Imetoka hewa?"

Nikatikisa kichwa.

Akatoboa kitako cha chupa kwa msumari. "Vuta sasa."

Hewa ikapita bila taabu.

"Hewa ndiyo inayobeba vumbi," akasema. "Isipoingia, haitoki. Na isipotoka, haibebi kitu. Toboa sanduku lako upande unaotazamana na bomba. Kiasi cha kiganja. Hewa iingie pale, ipite chini ya msumeno, ifagie, itokee huku."

Wewe unayesoma utaona ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Miaka thelathini sijawahi kutoboa kazi yangu mwenyewe iliyokaa sawa. Nilishika keekee, nikaiweka chini. Nikaishika tena.

"Unaogopa nini?" Mama Mashine akauliza. "Sifa zako au nyumba tupu?"

Nikatoboa.

Tukawasha. Nikasukuma ubao ule ule. Bomba likanguruma. Unga wa chini ukapotea wote, kama umemezwa. Kule nje tukausikia unagonga ukuta wa pia, shaa, shaa, na kuangukia kwenye pipa.

Ulibaki unga kidogo juu ya meza, ule ambao meno huurusha usoni. Huo niliutengenezea kofia ya plastiki ngumu, inayoonyesha ndani, juu ya msumeno, na bomba lake jembamba la kuvuta. Kofia ile inakamata vumbi, na tena inalinda vidole. Laiti ningekuwa nayo zamani, ningekuwa na kumi.

Mama Mashine hakuniacha bado. Alizungusha waya mtupu kwenye bomba lote, akataka ufungwe kwenye waya wa ardhi, ili bomba la plastiki lisikusanye umeme wa kushtua. Akaniapisha kumwaga pipa kabla halijajaa, na kukung'uta mfuko nje, nimevaa barakoa ya kazi yenye kichujio na siyo leso. Akanionya kuhusu misumari ndani ya mbao za zamani.

"Ng'oa kwanza kabla hujapasua. Msumari ukigonga meno unatoa cheche. Cheche ikivutwa mpaka kwenye pipa, unga laini unashika moto kwa kishindo. Unga wangu hivyo hivyo. Hapa hapavutwi sigara."

"Na ufagio?"

"Ufagio mkavu ni adui. Chukua tambara la maji. Na hilo koti lako, unalitundika wapi?"

Koti langu la kazi lilitundikwa chumbani, karibu na kitanda cha Bosi. Jioni yeye ndiye aliyekuwa ananivua koti hilo.

Tangu siku hiyo koti linakaa karakana, kwenye msumari wake, na mlango wa jikoni una bawaba ya kujifunga.

*

Walikuja Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Binti yangu alisimama mlangoni, mkoba begani, kama mtu ambaye hajaamua. Bosi akabaki nyuma ya sketi yake.

"Ukaguzi," nikasema. "Lakini Bosi abaki nje kwanza."

Nikafunga madirisha. Nikapasua mbao tatu, nikazima. Nikampa binti yangu tochi, nikamwonyesha pa kuiweka. Akatazama ndani ya mwanga. Akatazama tena. Chembe chache sana zilipita, unaweza kuzihesabu.

Akaweka mkoba chini. Pale mkoba ulipogusa sakafu, kitu kilichokuwa kimenibana kifuani tangu ile Jumanne kikafunguka. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Bosi hakungoja kuitwa. Aliingia jikoni, akapitisha kidole juu ya rafu ya vikombe, akakiinua.

"Babu! Kisafi!"

"Basi nilipe mshahara, Bosi."

"Mshahara gani? Nilikuwa likizo!"

Akacheka. Nilingoja kikohozi. Tulingoja wote wawili, mimi na mama yake. Kicheko kikaisha chenyewe, kama kicheko cha mtoto yeyote. Binti yangu akageuka ukutani, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa.

Dawa ya kuvuta bado anayo, na zahanati anakwenda siku zake. Daktari kijana anasema kifua kinaendelea vizuri. Hata mimi, kikohozi changu cha alfajiri, nilichodhani ni uzee, kimepungua. Vikombe havifunikwi tena kwa kuogopa vumbi. Kimoja tu nakifunika. Ni cha mke wangu. Hicho ni mazoea yangu.

*

Mwezi wa nane akaja mtu wa ofisi ya leseni. Sisi tunamwita Bwana Leseni. Amekuja kila mwaka kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ni kutazama karatasi ukutani, kuandika kwenye daftari, na kuondoka. Kila mwaka kabla ya kukaa alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akapangusa kiti kilicho karibu na msumeno. Mke wangu alikuwa akisimama pale na ufagio, anamwambia, "Samahani kwa vumbi, bwana." Naye alikuwa akijibu, "Ndizo kazi zenu."

Mwaka huu pia alitoa kitambaa. Akapangusa kiti. Akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe vile vile.

"Fundi," akasema, "umefanya nini humu?"

Nikamwonyesha sanduku, bomba, kofia, na pipa kule nje. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Akasema ni jambo zuri sana, kila karakana ingefaa iwe nalo. Akasema hata kanuni zinataka hivyo, zimo kwenye kitabu chao tangu zamani.

"Tangu zamani?" nikauliza.

"Tangu zamani," akasema, akafungua daftari lake.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne. Lakini hilo nililielewa. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anatukagua wote wawili. Nikavuta pumzi. Siku hizi ninayo ya kutosha.

"Bwana," nikasema, "miaka kumi na tisa umepangusa kiti hicho kwanza, ndipo ukakaa. Suruali yako uliionea huruma. Yule mwanamke aliyekuwa amesimama hapo na ufagio, akikuomba wewe samahani, mbona hukumwambia yaliyomo kwenye kitabu chenu?"